USALAMA NA AFYA: Godoro la Mpira kwa Wazee Wanaoumwa Mgongo



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, buti, vumbi na baruti. Leo tunaingia katika chumba cha kulala. Mtu anayelala saa 7 kila usiku anapitisha kitandani saa 2,555 kwa mwaka. Hakuna chombo kingine cha nyumbani kinachobeba mwili muda mrefu hivyo. Kwa hiyo inafaa tukichunguze kama vile tunavyochunguza ngazi au kamba kabla ya kuipanda.

Pwani ya Tanganyika, toka Kavimvira na Uvira mjini mpaka Makobola, Mboko na Baraka, wako wazee waliopitisha nguvu zao katika machimbo ya Kivu. Wengine walichimba Kamituga, wakati wa MGL, na kisha wakati wa SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976. Sasa wamerudi karibu na ziwa pamoja na wake zao. Asubuhi mzee anashika ukuta ili asimame. Mama naye anainuka polepole, mkono kiunoni. Mtoto wao aliye kazini anaona hali hiyo na kusema: «Nitawanunulia godoro la mpira.»

Nia ni njema. Lakini godoro hilo ni fedha ya miezi mingi, na sokoni majina ni mengi kuliko mali yenyewe. Somo hili lataka kumwonyesha mtoto huyo, na wazazi wake, namna ya kuchagua. Neno lake kubwa ni hili: godoro halitibu mgongo. Godoro jema linaacha mgongo upumzike, na godoro baya linauzuia. Kwa hiyo tuchague kwa kupima mwili na kupima godoro, si kwa kufuata jina wala sifa za muuzaji.

1. KWA NINI MGONGO UNAUMA

Uti wa mgongo ni kama mnara wa mifupa midogo iliyopangana. Juu ya nyonga iko mifupa 24 inayoweza kujongea. Kati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini chenye maji, kama mto mdogo. Mchana, tunaposimama na kubeba, mito hiyo inabanwa na kupoteza maji kidogo. Usiku, tunapolala, inanyonya maji tena. Ndiyo sababu mtu ni mrefu zaidi asubuhi kuliko jioni, pengine kwa sentimeta 1 au 2.

Miaka inapopita, mito hiyo inakauka na kupungua. Viungo vinakuwa vigumu na misuli inapungua nguvu. Tena, kazi inaacha alama zake. Mwanamume ameinama shimoni na sululu, amesukuma toroli, ameshika mashini ya kutoboa mwamba inayotikisa mwili mzima, au ameendesha kamio juu ya barabara mbovu. Mama amebeba kuni na mihogo mgongoni kwa kamba ya kichwani, amelima milimani, ameinama kutandaza ndagala juani. Tusifikiri kwamba mgongo wa mama haukufanya kazi kwa sababu haukuandikwa katika kitabu cha kampuni.

Shida hii si ya Uvira peke yake. Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Kwa wengi wao hakuna ugonjwa mkubwa ndani. Ni maumivu ya misuli na viungo, yanayokwenda na kurudi.

2. KABLA YA KUNUNUA GODORO: ISHARA ZA HATARI

Tunaweka jambo hili mbele kwa makusudi. Wako watu waliobadilisha godoro mara mbili, kumbe ugonjwa ulikuwa ndani ya mfupa. Mpeleke mzazi hospitali kwanza, bila kungoja mwisho wa mwezi, ukiona moja la mambo haya:

— Maumivu hayapungui hata akilala kimya, na usiku yanazidi.
— Ana homa, anatoka jasho usiku, au anakonda bila sababu.
— Anakohoa majuma mengi, au alikwisha kuugua kifua kikuu.
— Uti wa mgongo umetoa kinundu ambacho hakikuwako.
— Miguu inapoteza nguvu, au anasikia ganzi kati ya mapaja.
— Anashindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo unakataa kutoka.
— Maumivu yalianza baada ya kuanguka, hata kama ni kuanguka kidogo. Mifupa ya wazee, na zaidi ya akina mama, inavunjika upesi.

Mchimbaji wa zamani aangalie sana ishara ya kikohozi. Vumbi la mawe linaharibu mapafu na kuyafungulia njia kifua kikuu. Na kifua kikuu hakikai katika mapafu tu: kinaweza kuingia katika mifupa ya mgongo na kuila. Ugonjwa huo unaitwa ugonjwa wa Pott. Unatibiwa kwa dawa zile za kifua kikuu, lakini ukicheleweshwa unaweza kulemaza miguu. Godoro la namna yoyote halitamsaidia mgonjwa huyo. Dawa ndizo zitakazomsaidia.

Ishara ya miguu kukosa nguvu au mkojo kuharibika ni ya haraka. Hiyo ni ya kupelekwa hospitali siku ile ile.

3. GODORO LA MPIRA NI NINI

Mpira wa asili unatoka katika maziwa ya mti uitwao hevea, ambao asili yake ni misitu ya Amazon huko Amerika ya Kusini. Gome la mti linakatwa kidogo, na maziwa meupe yanachuruzika katika kikombe. Maziwa hayo ndiyo yanayoitwa lateksi. Mwaka 1929, katika kiwanda cha Dunlop huko Uingereza, watu walipata njia ya kuyapiga yakawa povu, kama mtu anavyopiga mayai. Kisha povu linamiminwa katika chombo, linagandishwa, linapikwa kwa mvuke pamoja na kiberiti cha madini, na mwishoni linaoshwa. Kinachotoka ni mpira laini wenye vyumba vidogo vingi vya hewa. Iko pia lateksi inayotengenezwa viwandani kutoka katika mafuta ya petroli. Magodoro mengi yanachanganya hizo mbili.

Magodoro mengi ya kawaida katika masoko yetu si ya lateksi. Ni ya sponji, ile ambayo watu wanaita «matela ya mousse». Sponji hiyo inatengenezwa kwa dawa za kiwanda, na ndiyo nyepesi. Si kitu kibaya kwa yenyewe, lakini tusilipie sponji bei ya mpira.

Namna ya kutambua mpira wa kweli:

— Omba kufungua zipu ya kifuniko. Muuzaji akikataa kabisa, nenda kwa mwingine.
— Mpira una matundu madogo yaliyopangwa kwa mistari, yanayoingia ndani kutoka juu.
— Bonyeza kwa ngumi na kuachia. Mpira unarudi mara moja. Sponji duni inarudi kwa uvivu au inaacha alama.
— Inua pembe moja. Mpira ni mzito na unalegea kama nyama. Mtu mmoja hawezi kubeba godoro kubwa la mpira peke yake bila taabu.

Kipimo kilicho bora kuliko vyote ni mizani. Tufanye hesabu pamoja. Godoro lina urefu wa sentimeta 190, upana wa 140, na unene wa 15. Tugeuze kuwa meta: 1.90 mara 1.40 mara 0.15. Jibu ni karibu 0.4 ya meta ya ujazo. Sasa lipime juu ya mizani ya gunia. Likiwa na kilo 8, gawanya 8 kwa 0.4: unapata kilo 20 kwa kila meta ya ujazo. Hiyo ni sponji nyepesi, na mzee mwenye mwili mzito atachimba shimo ndani yake kabla ya muda mrefu. Godoro la mpira wa kweli lenye vipimo vile vile lina kilo 24 na zaidi, mara nyingi karibu 28.

Angalia tu: wako watengenezaji wanaotia unga wa chokaa ili godoro liwe zito. Sugua ukingo wake kwa kidole. Likitoa unga mweupe au likimong'onyoka, uliache.

4. LIWE GUMU AU LAINI?

Zamani watu wengi, hata waganga wa hospitali, waliwaambia wenye kuumwa mgongo walale juu ya kitu kigumu, pengine juu ya ubao. Mawazo hayo yamepimwa. Katika Hispania, mganga Francisco Kovacs na wenzake walichukua watu 313 waliokuwa na maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Nusu walipewa magodoro magumu, nusu wakapewa yenye ugumu wa katikati. Baada ya siku 90, wale wa ugumu wa katikati ndio walioendelea vizuri zaidi: walikuwa na maumivu machache kitandani na wakati wa kuamka, na kazi zao za mchana ziliwapa taabu kidogo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003 katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Mtu akilala kwa ubavu, bega na nyonga vinatokeza, na kiuno kimeingia ndani. Juu ya ubao, bega na nyonga vinabeba uzito wote, na kiuno kinaning'inia hewani kama daraja lisilo na nguzo katikati. Juu ya godoro lililolegea, nyonga inazama na mgongo unapinda kama machela. Godoro linalofaa linaacha bega na nyonga viingie kidogo, kisha linaunga mkono kiuno. Mpira unafanya kazi hiyo vizuri, kwa sababu unaingia pale tu panapokandamizwa, kisha unasukuma juu. Lakini uko mpira mgumu na uko mpira laini. Neno «mpira» peke yake halikwambii ugumu wake.

Tena tusichanganye mambo mawili: uzito wa godoro unaonyesha kama litadumu, na ugumu wake unaonyesha kama litaufaa mwili. Sponji nyepesi inaweza kuwa ngumu siku ya kununua, kisha ikalegea kabla ya mwaka kwisha.

Namna ya kupima dukani:

Kwanza, wazee wenyewe waende. Godoro halinunuliwi kwa mgongo wa mtu mwingine. Mtoto mwenye miaka 30 akikaa ukingoni na kubonyeza kwa mkono hajapima kitu.

Pili, mzee avue viatu, alale namna anavyolala nyumbani, na akae hivyo dakika 10 au 15. Asione haya. Mwenye duka anauza kitanda, na kitanda ni cha kulaliwa.

Tatu, akilala chali, mtu mwingine apitishe mkono bapa chini ya kiuno chake. Mkono ukipita na kuacha nafasi kubwa, godoro ni gumu mno kwake. Mkono ukikwama kabisa na nyonga imezama, ni laini mno. Mkono ukipita ukigusa huku na huku, godoro linamfaa.

Nne, akilala kwa ubavu, mtazame kutoka nyuma. Mstari wa uti wa mgongo toka shingoni mpaka kiunoni uwe karibu sawa, kama kamba ya fundi.

Tano, ajaribu kugeuka na kuinuka. Mzee anayepigana na godoro ili ageuke atapoteza usingizi.

5. WATU WAWILI, MIILI MIWILI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tuseme mzee ana kilo 85, na mkewe ana kilo 50. Godoro lililo la katikati kwa mzee ni gumu kwa mama. Lililo la katikati kwa mama linamzamisha mzee. Na likiwa jembamba, mzee anachimba bonde, na mama anaviringika kuelekea kwake usiku kucha. Asubuhi wote wawili wamechoka, na kila mmoja anamlaumu mwenziwe.

Ziko njia tatu:

a) Magodoro mawili, kila moja la upana wa sentimeta 80 au 90, yaliyowekwa bega kwa bega katika kitanda kimoja, yenye ugumu mbalimbali, chini ya shuka moja. Ndoa haiharibiki kwa hilo. Yafungwe vizuri tu yasiachane katikati.

b) Godoro moja lenye unene wa kutosha, sentimeta 18 au 20, lenye upana wa 160 na si 140, lililochaguliwa kwa mwili ulio mzito. Kisha upande wa yule mwepesi utandikwe tabaka laini la mpira la sentimeta 4 au 5.

c) Kama fedha ni ya godoro moja la kawaida, yule anayeumwa zaidi ndiye achague, na mwingine asaidiwe kwa mito.

Na mama aulizwe. Katika nyumba nyingi mzee husema «tunataka gumu», na mama hunyamaza kwa heshima. Mgongo wake hautanyamaza.

6. CHINI YA GODORO

Godoro jema juu ya kitanda kibovu ni kazi bure. Vitanda vingi vya chuma vya zamani vina wavu wa waya ambao umelegea katikati. Ukiweka mpira juu yake, mpira utafuata shimo lile lile. Mwite seremala aweke mbao za upana mmoja, zilizonyooka, na kati ya ubao na ubao asiache zaidi ya sentimeta 5. Mpira ni mzito na laini: mbao zikiwa mbalimbali unaingia katikati yake na kuharibika. Kwa kitanda cha watu wawili atie pia ubao wa katikati wenye mguu unaofika chini.

Asifunike chote kwa ubao mmoja usio na nafasi. Hewa lazima ipite chini, la sivyo ukungu mweusi utaota.

Urefu nao ni afya. Mzee akikaa ukingoni, nyayo zake zikae zote sakafuni na magoti yawe sawa na nyonga, au nyonga zizidi magoti kidogo. Kwa watu wengi ni sentimeta 45 mpaka 50 toka sakafu mpaka juu ya godoro. Kitanda cha chini sana, au godoro juu ya mkeka, linamfanya avute mgongo kila anapoinuka, tena linamweka karibu na unyevu na wadudu.

7. JOTO, MAJI, KUNGUNI NA MOTO

Uvira ni joto na unyevu wa ziwa. Mpira wenye matundu unapitisha hewa, lakini kifuniko cha plastiki kinaua faida hiyo na kumfanya mtu alale katika jasho. Ondoa nailoni ya dukani. Tia kifuniko cha pamba kinachofuliwa.

Sikilizeni sana hili, akina mama: godoro la mpira HALIANIKWI JUANI. Tumezoea kutoa godoro la pamba au la majani na kuliacha jua kali siku nzima, na kwa godoro hilo ni vizuri. Lakini jua linakausha mpira, linaufanya wa manjano na kuupasua, kama lilivyopasua mipira ya zamani ya maji iliyoachwa nje. Mpira upate hewa kivulini, penye upepo. Tena ukae mbali na mafuta: petroli, mafuta ya mashini na mafuta ya kujipaka huharibu mpira. Anayechua mgongo kwa mafuta avae nguo na atandike shuka nzito.

Juu ya mafuriko: wakazi wa Uvira hawajasahau Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba, wala miaka ambayo ziwa lenyewe lilipanda na kuingia mitaani. Maji ya namna hiyo yanabeba uchafu wa vyoo, na mji huu unajua kipindupindu. Godoro lililozama katika maji hayo, bora litupwe. Likiwa limelowa maji safi tu, ondoa kifuniko, likandamize polepole ili maji yatoke, wala usilikamue kwa kulisokota, maana mpira uliolowa unachanika. Kisha likauke kivulini siku kadhaa mpaka ndani. Mvua kubwa zikikaribia, inua godoro mapema juu ya meza.

Kunguni wanakaa katika mishono ya kifuniko na nyufa za mbao. Anayenunua godoro lililotumika afungue mishono na kuangalia alama nyeusi ndogo ndogo. Chandarua kiingizwe chini ya godoro pande zote. Godoro jipya likiwa nene kuliko la zamani, hakikisha chandarua bado kinafika.

Na moto. Mpira unawaka, na sponji inawaka upesi zaidi. Moshi wa sponji una gesi za sumu zinazoweza kumwua mtu chumbani kabla ya moto kumfikia. Mchimbaji anajua maana ya hewa mbaya mahali pasipo na njia ya kutokea. Mshumaa, taa ya mafuta, sigara na jiko la makaa visikaribie kitanda.

Neno dogo la mwisho: mtu ambaye mwili wake unawashwa au kuvimba akivaa glovu za mpira amwulize mganga kwanza.

8. KAMA FEDHA HAITOSHI

Bidhaa nyingi za pwani hii zimepitia Bujumbura kwa miaka mingi, na njia inapofungwa bei inapanda. Godoro la mpira wa kweli si rahisi kupata. Asiyelipata asifikiri kwamba amenyimwa dawa. Afanye hivi, kwa mpango huu:

Kwanza, pima godoro la sasa. Weka fimbo iliyonyooka juu yake, toka ukingo mpaka ukingo, na upime shimo la katikati. Likizidi sentimeta 3 au 4, limechoka. Lisipozidi, pengine shida ni kitanda. Tengeneza mbao kwanza. Gharama yake ni ndogo kuliko zote.

Pili, kama lazima ununue, tafuta sponji nzito: kilo 30 kwa meta ya ujazo au zaidi, kwa hesabu tuliyofanya juu. Sponji ya kilo 30 ni bora kuliko «mpira» wa uongo.

Tatu, ligeuze kila baada ya miezi 3, kichwa kiende miguuni.

Nne, usidanganywe na picha ya mfupa wa mgongo au neno la kihospitali lililochapishwa juu ya kitambaa. Kitambaa kinachapishwa popote.

9. KULALA, KUAMKA NA KUTEMBEA

Godoro likiwa tayari, mwili nao ufundishwe. Anayelala kwa ubavu aweke mto kati ya magoti. Anayelala chali aweke mto chini ya magoti. Mto wa kichwa ujaze nafasi ya shingo, usiinue kichwa kama mtu anayesoma.

Asubuhi, usiinuke moja kwa moja kama ubao. Geuka kwa ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja. Shusha miguu, huku ukisukuma godoro kwa mkono. Kaa kidogo, kisha simama. Katika saa ya kwanza usiiname kuinua ndoo wala kulima, kwa sababu ile mito ya uti wa mgongo imejaa maji na inabanwa vibaya.

Na zaidi ya yote, usibaki kitandani mchana kwa sababu ya maumivu. Mganga wa leo hasemi tena «lala juma zima». Mgongo usiotumika unapoteza nguvu. Mzee atembee polepole kando ya ziwa asubuhi na jioni, na kila siku aongeze hatua chache. Maelekezo ya OMS ya mwaka 2023 kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu yanataja mafundisho na mazoezi mbele. Hayashauri mikanda ya kufunga kiuno kama matibabu ya kawaida. Vidonge vya kupunguza maumivu vinaweza kusaidia siku chache, lakini mzee asivinunue sokoni na kuvimeza mwezi baada ya mwezi, maana vinaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Aulize mganga.

MAULIZO YA KUJIPIMA (wasomee wazee nyumbani)

1. Baba anaumwa mgongo usiku, anakonda, na anakohoa toka miezi miwili. Utamnunulia godoro gani?
2. Godoro lina urefu wa sentimeta 190, upana 120, unene 20. Uzito wake ni kilo 9. Muuzaji anasema ni mpira. Je, anasema kweli?
3. Mama anaanika godoro la mpira juani toka asubuhi. Utamwambia nini?
4. Nani anapaswa kulala juu ya godoro dukani?

Majibu. 1: Hakuna, mpeleke hospitali kwanza. 2: 1.90 mara 1.20 mara 0.20 ni karibu 0.46 ya meta ya ujazo. Kilo 9 kwa 0.46 ni karibu kilo 20. Ni sponji nyepesi. 3: «Mama, tulisogeze kivulini, jua linapasua mpira.» 4: Wazee wawili wote, baba na mama, kila mmoja kwa zamu yake, kisha pamoja.

Wazee wetu walibeba mizigo miaka mingi ili tule na tusome. Tukitaka kuwapumzisha, tusitume fedha tu. Twende nao, tuwapime, tuwasikilize wote wawili. Na mizani tuichukue pamoja nasi.